Bei ya Kompyuta Haiishii Dukani

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha masasisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10, mfumo uliotoka mwaka 2015 na ambao bado unaendesha kompyuta nyingi katika shule, zahanati na steshenari zetu. Kuna nyongeza ya muda kwa wanaojiandikisha, lakini nyongeza nayo ina mwisho. Na kuhamia Windows 11 si jambo la kubonyeza kitufe tu. Microsoft inataka kompyuta iwe na kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesa ya kizazi cha nane au zaidi, yaani zile zilizoanza kuuzwa mwishoni mwa 2017. Sasa pita Kariakoo, au Luthuli Avenue kule Nairobi, utazame laptopu za mtumba zilizopangwa madukani: Dell Latitude, HP EliteBook, Lenovo ThinkPad, nyingi zikiwa zimetumika miaka kadhaa katika ofisi za Ulaya kabla ya kupanda meli. Za kizazi cha nne hadi cha saba zimejaa. Kibodi nzima, skrini nzima, prosesa ina nguvu ya kutosha kuandika barua, kuandaa mitihani na kuweka hesabu za duka. Kwa uamuzi uliopitishwa mbali kabisa na sisi, mashine hizo zimehesabiwa kuwa zimezeeka.

Njia nyingine ipo na inafahamika: kuweka Linux, mfumo endeshi usio na leseni ya kulipia, na laptopu hiyohiyo ikaendelea kupata masasisho kwa miaka mingine. Ushauri huu umetolewa kwetu kwa zaidi ya miaka 20, na kwa zaidi ya miaka 20 watu wengi wameusikia wakaendelea na yao. Sababu yake, kwa maoni yangu, ni kwamba mjadala wote wa kompyuta nafuu kwa nchi maskini umeendeshwa kwa kutazama karatasi ya bei. Tukielewa gharama za kompyuta ziko wapi hasa, tutaona programu huria, yaani zile kama Linux ambazo yeyote anaruhusiwa kuzitumia, kuzibadilisha na kuzigawa, zinasaidia wapi na wapi hazisaidii.

Jaribio kubwa kuliko yote lilianza Januari 2005, pale Nicholas Negroponte wa MIT, chuo kikuu cha teknolojia cha Marekani, alipotangaza huko Davos kuwa atatengeneza laptopu ya dola 100 kwa ajili ya watoto wa nchi zinazoendelea. Novemba mwaka huohuo alisimama na Kofi Annan mjini Tunis wakaionyesha dunia mashine ya kijani yenye mkono wa njano wa kuzungusha ili kuzalisha umeme. Mkono ule haukufika sokoni. Bei nayo haikufika 100: mashine zilipoanza kusambazwa mwishoni mwa 2007 kila moja iligharimu dola 188 hivi.

Nasema wazi kuwa ile mashine, iliyoitwa XO, ilikuwa kazi ya ustadi mkubwa. Skrini yake ilisomeka juani, jambo ambalo laptopu nyingi za leo haziwezi. Kibodi ilikuwa ya mpira uliofunikwa ili vumbi na maji visipenye. Haikuwa na diski inayozunguka, kwa hiyo mtoto akiiangusha hapakuwa na kitu cha kukwaruzika ndani. Ilikula umeme kidogo mno. Na programu zake zote zilijengwa juu ya Linux. Peru ilinunua zaidi ya 800,000, Uruguay ikampa kila mwanafunzi wa shule za msingi za umma ya kwake, na hapa jirani Rwanda ilichukua zaidi ya 200,000.

Kisha vipimo vikaja. Mwaka 2012 watafiti wa Benki ya Maendeleo ya Amerika walichapisha matokeo ya shule 319 za vijijini Peru: alama za hesabu na lugha hazikupanda. Watoto walipata kompyuta, lakini shule nyingi hazikuwa na intaneti, walimu walikuwa wamepewa mafunzo mafupi, na programu zilizokuwemo hazikuunganishwa vya kutosha na kile mwalimu alichotakiwa kufundisha siku hiyo. Uruguay ilifanya vizuri zaidi katika kuzitunza mashine, kwa sababu ilijenga mfumo wa matengenezo, ikaunganisha shule na mtandao, ikaunda chombo cha kudumu cha kusimamia, na mpango wake unaendelea mpaka leo. Hata hivyo, nako hakukuonekana kupanda kwa alama kulikotokana na laptopu zenyewe. Bei ya kifaa ilikuwa imeshughulikiwa kwa akili nyingi, ila yaliyobaki yote yaliachwa yajipange.

Gharama zinazokuja baada ya risiti

Tuchukue chumba kimoja cha shule ya sekondari chenye kompyuta 20 za mezani zilizotolewa msaada. Kompyuta ya mezani ya zamani na skrini yake huweza kula wati 100. Kompyuta 20 ni wati 2,000, na kwa vipindi vya saa tano ni yuniti 10 za umeme kila siku ya shule. Badala yake weka laptopu za mtumba zinazokula wati 25 kila moja: jumla ni wati 500, yaani yuniti mbili na nusu kwa saa zilezile. Kwa shule yenye Luku tofauti hiyo inaonekana kila mwezi. Kwa shule inayotegemea sola, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama mradi utawezekana, kwa kuwa paneli na betri za kubeba wati 2,000 huweza kugharimu kuliko kompyuta zenyewe. Tena laptopu ina betri yake: umeme ukikatika katikati ya kipindi darasa linaendelea, na kazi ya mwanafunzi haipotei. Ndiyo maana nikiulizwa na mwalimu mkuu achague kompyuta 20 za mezani za bure au laptopu 12 za kununua, namwambia achukue laptopu.

Baada ya umeme kuna vumbi, panya wanaokata nyaya, chaja zinazoungua, na kuna flashi. Kila aliyewahi kuchapisha barua steshenari anaijua adha hii. Unachomeka flashi kwenye kompyuta ya dukani, unatoa kopi zako, unarudi nyumbani, unakuta mafaili yote yamegeuka shotikati ndogondogo. Ukibofya moja, virusi vinaingia kwenye kompyuta yako pia. Mafaili hayajafutika; yamefichwa tu ndani ya folda isiyoonekana. Mafundi wengi wanalijua hili, na njia yao ya haraka ni kuichomeka ile flashi kwenye kompyuta yenye Linux. Hapo folda iliyofichwa inaonekana waziwazi, na virusi vyenyewe, vilivyoandikwa kwa ajili ya Windows, havifanyi kitu. Mafaili yanahamishwa, flashi inafomatiwa, mteja anaondoka. Nimeona mafundi wanaofanya hivi kila siku huku kompyuta za wateja wao wakiendelea kuzipiga Windows ya wizi.

Hapo tumefika kwenye leseni, na inabidi tuseme ukweli ulivyo mtaani. Huko Marekani Windows 11 Home inauzwa rasmi kwa dola 139. Kwa mahesabu ya kwenye karatasi, kuitumia Linux ni kuokoa dola 139 kwa kila kompyuta, na hoja hii imerudiwa kwenye semina nyingi. Ila kwetu mtu wa kawaida hailipi hiyo pesa. Fundi anapiga Windows kwa bei ya soda chache, anaweka Office, anawasha programu ya kuvunja leseni, mambo yamekwisha. Kumwambia mtu kama huyo kwamba Linux haina malipo ni kumwambia jambo lisilomgusa, maana kwake vyote viwili havina malipo.

Gharama anailipa kwa njia nyingine. Zile programu za kuvunja leseni hukutaka kwanza uzime ulinzi wa kompyuta, na mara nyingi huja na wadudu wao wenyewe. Masasisho huzimwa ili leseni ya bandia isigundulike, na kompyuta inabaki wazi kwa kila tundu linalogunduliwa. Baada ya miezi michache imekuwa nzito, inarudishwa kwa fundi, inapigwa Windows upya, na mara nyingine picha na mafaili ya mteja vinapotelea hapohapo. Taasisi ziko pabaya zaidi: shule au hospitali haiwezi kusimama mbele ya mkaguzi na programu za wizi, kwa hiyo hulipa, au hununua kompyuta chache kuliko ilizozihitaji.

Programu huria zinabadilisha nini hasa

Mwaka 1983 Richard Stallman wa Marekani alitangaza mradi wa GNU akiwa na msimamo kwamba mtumiaji wa programu anastahili haki nne: kuitumia kwa kazi yoyote, kusoma jinsi ilivyoandikwa, kuibadilisha, na kuigawa kwa wengine ikiwa ileile au ikiwa imeboreshwa. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Finland, akatoa kiini cha mfumo endeshi kilichokuja kuitwa Linux. Vitu hivyo viwili vikiunganishwa na maelfu ya programu nyingine ndipo tunapata mifumo kama Debian, Ubuntu na Linux Mint. Ubuntu yenyewe ilianzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na kwa miaka kadhaa, hadi 2011, kampuni yake ilikuwa ikituma CD kwa posta bila malipo popote duniani. Kwa mtu aliyekuwa na sanduku la posta na hana intaneti ya kupakulia kitu kikubwa kiasi hicho, ule ulikuwa mlango uliofunguliwa kweli.

Watu hushikilia haki ya kwanza, ya kutumia, na kusahau zile mbili za katikati. Kwangu mimi hizo mbili ndizo zenye faida kubwa zaidi kwa nchi zetu, na ushahidi wake uko Eldoret.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani walikuwa wakiendesha pamoja mpango wa AMPATH wa kutibu wagonjwa wa Ukimwi magharibi mwa Kenya. Kumbukumbu za wagonjwa ziliwekwa kwenye mfumo mdogo uliojengwa kwa Microsoft Access. Wagonjwa waliongezeka kwa kasi ambayo mfumo ule haukuundwa kuibeba. Mwaka 2004 madaktari Burke Mamlin na Paul Biondich walifika Eldoret, wakaona hali ilivyo, na wakaanza kubuni mfumo mpya ambao hospitali yoyote ingeweza kuuchukua na kuubadilisha ipendavyo. Ukaitwa OpenMRS. Uliwashwa Eldoret Februari 2006, na mwaka huohuo ukaanza kutumika Rwanda. Leo KenyaEMR na UgandaEMR, mifumo ya kumbukumbu za wagonjwa ya nchi hizo mbili, zimejengwa juu yake. Wizara ikibadilisha fomu ya kumpokea mgonjwa wa kifua kikuu, hakuna haja ya kuandika barua kwa kampuni ng'ambo na kusubiri toleo lijalo. Kuna vijana Nairobi na Kampala wanaoufungua msimbo, wanabadilisha, wanajaribu, wanapeleka vituoni. Mshahara wa kazi hiyo unalipwa hapa.

DHIS2, mfumo huria wa kukusanya takwimu za afya, nayo ina sura hiyohiyo. Mizizi yake iko Afrika Kusini katika miaka ya 1990, Chuo Kikuu cha Oslo kikaikuza, na Kenya ikawa miongoni mwa nchi za kwanza Afrika kuisambaza nchi nzima kwa njia ya mtandao, mwaka 2011. Tanzania inaitumia pia, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimekuwa na wataalamu wake kwa muda mrefu. Takwimu za chanjo na za kliniki za wajawazito katika nchi nyingi za Afrika hupita humo.

Kwa hiyo programu huria haifuti gharama. Inaihamisha, kutoka kwenye leseni inayolipwa nje kuja kwenye ujuzi unaolipwa ndani. Anayedhani ni bure atashindwa, kwa sababu hatatenga fedha ya ujuzi, na mfumo utamfia mikononi mwaka wa pili. Aliyelielewa hilo anapata kitu ambacho leseni haiwezi kumpa: watu wanaobaki na maarifa hata mfadhili akishaondoka.

Jimbo la Kerala, kusini mwa India, lilielewa. Lilianza mradi wa kompyuta shuleni mwaka 2001, na ndani ya miaka michache likahamishia shule za umma kwenye Linux. Halikuanza kwa kugawa mashine. Lilifundisha walimu wenyewe wa hesabu, sayansi na lugha, likaweka waalimu wakufunzi kila wilaya, likatengeneza toleo lake la mfumo lenye lugha ya Kimalayalam na vitabu vya mtaala ndani yake. Kufikia mwishoni mwa muongo uliopita, kompyuta zaidi ya 200,000 za shule zilikuwa zikiendeshwa hivyo. Linganisha na mji wa Munich, Ujerumani, tajiri kuliko miji yetu yote: ulihamia Linux kwa mbwembwe katika miaka ya 2000, na mwaka 2017 madiwani wakapiga kura kurudi Windows, baada ya miaka ya malalamiko ya watumishi na siasa kubadilika. Fedha Munich haikuwa tatizo.

Kwetu, kazi ya lugha ilianza mapema kuliko wengi wanavyokumbuka. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice mwishoni mwa 2004: programu ya kuandikia, ya majedwali na ya maonyesho, menyu zake zote zikiwa Kiswahili. Inasikitisha kwamba kasi ile haikudumu. OpenOffice yenyewe iligawanyika mwaka 2010 ikazaliwa LibreOffice, na humo Kiswahili kipo lakini tafsiri haijakamilika. Lugha yenye wasemaji wengi kiasi hiki, yenye mabaraza yake na idara zake za vyuo vikuu, ingeweza kumaliza kazi hiyo kwa bajeti ya semina moja ya hotelini. Tafsiri hufanyika kwenye tovuti iliyo wazi. Anayetaka anajiandikisha na kuanza na menyu moja.

Ukitaka kuifanya kwa mikono yako

Chukua flashi ya gigabaiti 8, pakua Linux Mint toleo la Xfce ambalo ni jepesi, iandike kwenye flashi, chomeka, washa kompyuta huku ukibonyeza F12 au kitufe kinachofanana na hicho. Mfumo utawaka kutoka kwenye flashi bila kugusa kilichomo ndani. Hapo jaribu kila kitu: Wi-Fi, sauti, kamera, printa. Ukiridhika ndipo usakinishe. Na kabla ya kusakinisha, kama kompyuta bado ina diski ya kuzunguka, toa uweke SSD, diski isiyo na kitu kinachozunguka, hata ya gigabaiti 120. Hakuna marekebisho mengine yanayoirudishia laptopu ya zamani uhai kwa bei hiyo. Mtu ambaye alikuwa akisubiri dakika tatu iwake ataona inawaka upesi na atadhani umebadilisha mashine.

Mipaka ipo na lazima itajwe. Duka linalotegemea programu za uhasibu kama QuickBooks au Tally ya kusakinisha litapata shida. Barua iliyopangwa kwa ustadi kwenye Word huweza kuvurugika kidogo ikifunguliwa kwenye LibreOffice, na karani anayepokea nyaraka za wizarani kila siku hatakushukuru. Baadhi ya printa za bei rahisi hazina msaada wowote upande wa Linux. Uliza kabla ya kununua. Kwa ofisi kama hizo nashauri kompyuta moja ibaki na Windows yenye leseni halali na nyingine zote zihamie.

Raspberry Pi, kile kikompyuta cha Uingereza kilichotoka Februari 2012 kwa dola 35, husifiwa sana katika mjadala huu. Kama kompyuta ya mwanafunzi mmoja naona sifa zimezidi, maana ukishanunua skrini, kibodi, kadi ya kumbukumbu na chaja, bei imeshafika au kuipita laptopu ya mtumba. Kazi inayoifaa ni useva, yaani kuhudumia vifaa vingine. Kinakula wati chache tu, na ukikiwekea Kolibri na Kiwix kinageuka maktaba ya shule isiyohitaji intaneti: masomo ya Khan Academy, yakiwemo ya Kiswahili, na Wikipedia nzima ya Kiswahili, vyote vikifikiwa kwa Wi-Fi kutoka kwenye laptopu au simu yoyote iliyo chumbani.

Na simu? Wengi wetu tayari tunatembea na Linux mfukoni, kwa kuwa Android imejengwa juu yake. Lakini kiwanda huifunga simu kiasi kwamba kikiacha kutoa masasisho, huna namna rahisi ya kuweka mfumo mwingine kama unavyofanya kwenye ThinkPad ya 2015. Tableti za shule zina kasoro hiyohiyo. Kenya iliahidi laptopu kwa watoto wa darasa la kwanza mwaka 2013, na kuanzia 2016 ikasambaza tableti, vifaa vyote vikizidi milioni moja. Kwa umri wa watoto wale tableti ni chaguo linaloeleweka. Kwa kidato cha kwanza na kuendelea ningependa kuona kifaa kinachofunguka kwa bisibisi ya kawaida, betri inayobadilishika na diski inayotoka.

Kwa mwalimu mkuu au mjumbe wa bodi anayeletewa msaada wa kompyuta, kuna maswali ya kuuliza kabla ya kupiga picha ya makabidhiano. Betri zinakaa muda gani? Chaja ni ngapi, na za akiba je? BIOS, programu ya ndani inayoiamsha kompyuta, imefungwa kwa nywila ya ofisi iliyozitoa? Maana mashine iliyofungwa hivyo huweza kukataa flashi ya kusakinishia, na mtoaji akishaondoka hakuna wa kuifungua. Zikiharibika kabisa zinapelekwa wapi? Nairobi kuna kituo cha WEEE kinachopokea taka za kielektroniki. Sehemu nyingine utalazimika kupanga mwenyewe. Halafu muulize mfadhili kama yuko tayari kutoa kompyuta tano pungufu, na fedha ya hizo tano ikalipa mafunzo ya walimu wawili na ziara ya fundi kila muhula kwa miaka mitatu. Iandikwe kwenye mkataba, na jina la fundi liwemo.